Nyekundu Nje ya Mstari

Katika nyumba nyingi mume na mke hugombania chumvi, au mawifi, au mlango ulioachwa wazi. Nyumba hii ilikuwa na ugomvi wake wa pekee, nao ulihusu rangi nyekundu. Mke alikuwa mchoraji wa katuni. Mume alikuwa mpiga chapa. Mke alichora, mume akachapa, na kila Ijumaa mume alipoingia na gazeti linalonuka wino mbichi, mke alifungua ukurasa wa mwisho, akalitazama koti la Bwana Fyuu, akavuta pumzi ndefu.

"Imetoka tena," alisema.

"Kidogo," mume alijibu huku akivua viatu.

"Kidogo! Hebu njoo uone. Koti liko huku, wekundu wake uko kule. Huyu ni shujaa au ni nguo iliyoanikwa vibaya?"

"Karatasi iliteleza, mama watoto."

"Kila wiki inateleza? Huwa mnaipaka mafuta?"

Basi mume hucheka, mke hununa, chakula kinaletwa mezani, na wiki inayofuata nyekundu inatoka tena.

Kwa asiyemjua, Bwana Fyuu alikuwa fundi saa. Mchana kutwa aliinama juu ya meza yake na kibano mkononi, mtu mpole, mzito wa kusema, ambaye wateja walimwona kama amelala. Lakini taabu ikitokea mjini, alivuta koti lake jekundu kutoka kwenye msumari nyuma ya mlango, na fyuu! Hakuna aliyeona alivyopita. Hakuwa na ngumi za chuma wala macho ya kutoa moto. Alikuwa na mbio zake tu, na watu walimpenda hivyo hivyo.

Sasa ukurasa ule ulipita kwenye mtambo mara nne, kila rangi na sahani yake ya chuma ya kuchapia: manjano, buluu, nyekundu, na mwisho nyeusi yenye mistari ya mchoro. Sahani zote zikikaa sawasawa, rangi inatulia ndani ya mstari wake kama mtoto kitandani. Lakini mtambo wenyewe ulikuwa umekula chumvi nyingi, skrubu zake zimelegea, na sahani ya nyekundu ilikuwa na kichwa kigumu kuliko wenzake. Mpiga chapa aliibana, akaipigapiga nyundo, akaibembeleza. Ilikaa sawa kwa kurasa chache, kisha ikaenda ilikotaka. Wasomaji hawakulalamika hata siku moja. Mchoraji hakujiuliza kwa nini. Alijua tu kwamba alichora kitu kimoja na watu wakapata kingine, na jambo hilo lilimkaa rohoni.

Miaka ikapita. Gazeti likafungwa, mtambo ukauzwa kama chuma chakavu, mpiga chapa akastaafu. Watoto walikua, wakaondoka mmoja mmoja. Mzee akabaki na lenzi yake ndogo ya kazini, ya kukagulia rangi, na hiyo hakuiacha. Hakuna pakiti ya majani ya chai iliyoingia nyumbani mle bila kukaguliwa. Aliishika karibu na dirisha, akafumba jicho moja, akaitazama pembe kwa pembe. "Hawa wamepatia," alisema akiirudisha mezani, na ilikuwa vigumu kujua kama amefurahi au ameumia.

Ndipo akaja mwongozaji wa filamu.

Alikuwa mwanamke wa makamo kidogo, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni na maneno mengi mdomoni. Aliketi sebuleni, akakataa chai, akaikubali, akaimwaga kidogo kwenye kisahani, na kabla haijapoa alikuwa ameshasema kwamba amekua na Bwana Fyuu, kwamba shuleni alimchora pembezoni mwa vitabu vyote, na kwamba amempata mtayarishaji mwenye uwezo wa kutengeneza filamu nzima. Ukutani mbele yake ulining'inia mchoro halisi, ule wa kalamu na rangi za maji, Bwana Fyuu akiruka dimbwi, koti likiwa jekundu safi mpaka ukingoni.

Mchoraji alijikaza asionekane amefurahi mno. Moyoni alikuwa anapiga vigelegele. Watoto wa siku hizi hawakumjua Bwana Fyuu. Gazeti lilipokufa, naye alikufa pamoja nalo, na hii ilikuwa nafasi yake ya kufufuka. Mchoraji alijua vilevile kwamba filamu ikianguka, hakuna atakayemgusa tena. Shujaa wake atakufa mara ya pili, safari hii kwenye kioo kikubwa, watu wakitazama.

Hakuomba gari, wala hakuomba jina lake liandikwe kwa herufi za kutisha. Aliomba jambo moja tu: Bwana Fyuu asionyeshwe kwa watu mpaka yeye mwenyewe amwone na aseme sawa.

"Hilo halina shida, mama," mwongozaji alisema.

"Na nyekundu ikae ndani ya mstari."

Mwongozaji alifungua mdomo, akaufunga, akatazama mchoro wa ukutani. "Ndani ya mstari," alirudia taratibu, na wakapeana mikono.

Mpiga chapa alikuwa mlangoni amebeba ndoo ya kumwagilia nyanya zake. Alisema hongera, akaenda uani.

Miezi iliyofuata mchoraji aliishi raha tupu. Alikwenda kwenye karakana ya mavazi akashika kitambaa cha koti kwa vidole vyake, akalirudisha koti la kwanza, akalirudisha la pili, mpaka fundi cherehani akawa anajificha akisikia sauti yake. Alimtazama mwigizaji, kijana mrefu mwenye macho ya usingizi, akaridhika. Aliketi kwenye chumba chenye giza pamoja na mafundi wa kompyuta na kuwaonyesha kwa kidole: hapa wekundu umevuja, hapa pia. Wakausafisha. Siku alipoona kipande cha kwanza kilichokamilika, Bwana Fyuu akikata mtaa mzima na koti lisilo na doa wala mvujo, machozi yalimtoka.

"Leo nimemwona," alimwambia mumewe jioni. "Kama alivyokuwa kichwani mwangu. Hivyo hivyo. Msafi!"

"Ni vizuri," mzee alisema. "Umengoja sana."

"Si uje nawe siku moja uone?"

"Nije kufanya nini? Watasema huyu ndiye yule mharibifu."

Alisema akitabasamu, lakini mchoraji alijiuma ulimi, maana neno hilo lilikuwa lake. Wiki moja kabla alikuwa amehojiwa redioni, na mtangazaji alipomuuliza adui mkubwa wa Bwana Fyuu alikuwa nani, yeye akajibu papo hapo, "Mume wangu!" Kisha akamwita mharibifu, akasimulia habari za mtambo, karatasi na mafuta, na mtangazaji alicheka mpaka akakohoa. Mpiga chapa alikuwa anasikiliza jikoni. Alicheka naye. Ila tangu siku hiyo hakwenda tena kunywa kahawa na wenzake wa zamani wa kiwandani, na binti yao, kifungua mimba, ambaye ni nesi na hana tabia ya kuzungukazunguka, alimpigia mama yake simu.

"Mama, umemchekesha kila mtu isipokuwa baba."

"Baba yako anajua mzaha."

"Anajua. Ndiyo maana anautambua usipokuwa mzaha."

Mchoraji alikata simu akiwa amekasirika, na hasira za namna hiyo ni zile ambazo mtu anajua si haki yake kuwa nazo.

Ikaja siku ya kuijaribu filamu. Mwongozaji aliwaalika watu wasio na uhusiano na kazi ile, wengi wao wakiwa waliosoma Bwana Fyuu walipokuwa wadogo, wakaja na watoto wao. Ukumbi ulikuwa mdogo, viti vyake vinalia ukisogea. Mchoraji alikaa nyuma kabisa ili aone visogo vya watu. Alitaka kuona visogo vikiruka.

Havikuruka. Watu walitazama kwa adabu. Walicheka palipostahili, walinyamaza palipostahili, na Bwana Fyuu alipolivaa koti na kutimua mbio kwa mara ya kwanza, mahali ambapo mwongozaji alikuwa ameacha nafasi ya kelele, ilisikika sauti ya mtu akifungua pipi. Mtoto mmoja aliuliza kama bado sana. Filamu ilipokwisha walipiga makofi, yale makofi ya harusi ya mtu usiyemjua.

Taa zikawashwa. Mwongozaji alisimama mbele, akawaomba waseme ukweli.

"Nzuri," alisema mwalimu wa hesabu aliyekaa mstari wa mbele. "Imetengenezwa vizuri. Ila mimi, sijui nisemeje, simwamini kwamba anakimbia."

"Anakimbia sana," mtayarishaji alijitetea. "Tumempa mwendo mkubwa kuliko ndege."

"Labda. Lakini yule wetu alikuwa na kasi zaidi."

"Koti!" akasema dereva wa lori, mtu mnene, akisimama kabisa. "Mimi nimeshajua. Ni koti! Yule wetu alikuwa anakimbia mpaka rangi yake inabaki nyuma. Mnakumbuka? Yeye ameshafika, wekundu bado uko njiani!"

Ukumbi ukachangamka kama umemwagiwa maji. Ndiyo! Rangi inachelewa! Kila mtu alikumbuka. Mwanamke mmoja alisema yeye alimweleza mdogo wake kwamba Fyuu akikimbia rangi humfuata kama mbwa mwaminifu. Mwalimu wa hesabu alisema aliwahi kupima kwa rula ili ajue ni katika picha ipi alikwenda mbio zaidi. Mwingine akaapa kwamba Fyuu akisimama wekundu ulirudi ndani ya mstari, akikimbia ukatoka.

Mchoraji aliyasikia hayo damu ikimchemka. Ulirudi wapi? Nyekundu ile ilikuwa nje hata Bwana Fyuu alipokuwa amelala! Ilikuwa nje alipokunywa chai! Akashindwa kuvumilia, akasimama.

"Jamani, ule ulikuwa mtambo mbovu! Sahani ilikuwa imelegea! Mume wangu alishindwa kuibana, basi. Hakuna cha rangi kuchelewa wala nini!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Mama, tunawajua nyinyi wasanii," dereva wa lori alisema kwa heshima zote, akimtikisia kidole. "Mna siri zenu."

Hakuna aliyemwamini. Miaka yote ameisema nyekundu ile kwa kila aliyekubali kumsikiliza, na siku aliyosimama mbele ya wasomaji wake kuieleza, walimwona anaficha ufundi. Alikaa chini kwa kishindo, kiti kikalia.

Walipobaki watatu, mtayarishaji alikuwa ameshika tama. "Ikibaki hivi," alisema, "nitaiweka kwenye kumbi ndogo kwa wiki moja, kisha kabatini. Siwezi kujidanganya."

Mwongozaji alimgeukia mchoraji. "Mama, nikuambie kitu? Nilitaka kukuambia siku ile pale sebuleni kwako, nikaogopa. Nilidhani kazi yangu ni kumtoa Bwana Fyuu kwenye karatasi. Kumbe watu wanamtaka pamoja na karatasi yake. Hata mimi. Wakati wa kupiga picha nilikuwa najua kuna kitu hakipo, nikasema labda kitakuja na muziki."

"Unataka niruhusu makosa."

"Nataka uniruhusu nimrudishe."

"Sijasema sawa," mchoraji alijibu, akachukua mkoba wake, akaondoka.

Mchoraji huyu akikasirika husafisha. Asubuhi ya kesho yake mzee alipotoka kwenda kumsaidia jirani bomba lililopasuka, yeye alishambulia kabati la jikoni. Alishusha sahani, akashusha vikombe, akashusha masufuria yasiyotumika tangu watoto wahame. Chini ya vyombo, rafu zilikuwa zimetandikwa kurasa za mwisho za gazeti. Ndivyo alivyokuwa akizifanya zamani: ukurasa ulioharibika kupita kiasi aliupeleka jikoni ukae chini ya sahani, aukomeshe.

Alichomoa mmoja ili autupe. Ilikuwa ile hadithi ya dimbwi. Aliutazama, akaanza kuukunja, akaukunjua. Akaenda nao sebuleni, akauinua ukutani kando ya mchoro wake halisi, ili japo mtu mmoja duniani, yaani yeye mwenyewe, athibitishe kwamba alikuwa na haki.

Bwana Fyuu wa ukutani alikuwa amesimama. Alikuwa mzuri, kila unywele mahali pake, mguu mmoja hewani, kama mtu aliyeambiwa atulie apigwe picha. Bwana Fyuu wa jikoni, mwenye doa la mafuta begani na mduara wa sufuria kichwani, alikuwa anakimbia. Mchoraji hakuwa na haja ya kuelezwa. Jicho liliufuata mstari mweusi, likarudi kuuchukua wekundu, likaufuata tena mstari, na katika kwenda na kurudi huko yule mtu akaondoka mbio.

"Balaa gani hili," mchoraji alisema.

Iliuma. Tusidanganyane, iliuma sana. Mtu akinyimwa haki yake anaweza kulalamika, na kulalamika kuna raha yake. Lakini kugundua kwamba haki uliyoidai nusu ya maisha haikuwa yako, tena ukaigundua ukiwa na kitambaa cha kupangusia mkononi, huna hata wa kumlalamikia. Aliketi kwenye kochi. Aliwaza jinsi alivyokuwa akisema "imetoka tena" kabla hata mtu hajamaliza kuvua viatu. Alimwonea huruma yule mtu wa viatu.

Mzee aliporudi alikuta vyombo vimejaa sakafuni. "Tunahama?"

"Nasafisha."

"Sawa." Akaziruka sahani kwa uangalifu, akaenda kunawa.

Mchoraji alitaka kumwambia. Maneno yalifika mpaka kwenye meno, yakarudi. Kuomba radhi kwa kosa moja ni rahisi. La kila Ijumaa linaanzia wapi? Akampigia simu mwongozaji.

"Irudishe," alisema. "Lakini nije mwenyewe."

Ilikuwa vyema kwamba alikwenda. Mafundi wa kompyuta walikuwa wameshajaribu, nao walikuwa wameharibu vizuri sana. Walimpa Bwana Fyuu mkia wa moshi mwekundu uliometameta na kuyeyuka hewani. Mtayarishaji aliupenda. Mchoraji aliutazama mara moja tu.

"Huyu anaungua," alisema. "Zimeni moto kwanza."

"Basi tufanyeje, mama?" aliuliza fundi mkuu, kijana mwenye ndevu ambaye muda wote huo alikuwa amelipwa kusafisha mivujo.

"Si mkia. Ni rangi nzima imehama, mnaelewa? Koti limebaki na umbo lake, wekundu nao una umbo lilelile, ila umekaa pembeni. Upande mmoja umezidi nje ya mstari. Upande wa pili umepungua, pamebaki weupe mwembamba kama ukucha. Huo weupe msiusahau, bila huo hakuna kitu. Na kingo ziwe kavu. Msizilainishe."

Wakafanya. Fundi mkuu akarudisha kipande nyuma, akakiangalia tena. "He!" alisema.

"Bado. Mmeiweka sawasawa kila mahali. Haikuwa hivyo. Huanza kidogo, mtu anadhani ni macho yake. Halafu inakwenda. Kuna mahali inarudi karibu iingie, unapata matumaini, halafu inatoka zaidi."

"Umeyajulia wapi yote haya?"

"Nilikuwa naichukia. Kila wiki niliikagua nione imeniharibia wapi." Alisema hivyo na mwenyewe akaanza kucheka, na mwongozaji akacheka mpaka akaegemea ukuta.

Walifanya kazi siku nyingi hivyo, na hakuna aliyezikumbuka kurasa zile kama yeye. Walipofika kwenye kipande cha daraja, ambacho ndicho moyo wa filamu, alisita. Daraja linakatika, gari la wagonjwa liko juu yake, na Bwana Fyuu yuko upande wa pili wa mji. Kwenye gazeti ukurasa huo ndio ulioharibika kuliko zote.

"Hapa ilitoka kidole kizima," alisema, akiweka kidole chake kwenye kioo cha kompyuta.

"Kizima, mama? Itaonekana kama filamu imeharibika."

"Kizima. Huo ukurasa nilimsema mwenzangu mpaka nikaishiwa maneno. Weka kidole kizima."

Fundi mkuu akaweka. Mwongozaji alimshika mchoraji bega. Mchoraji alitazama mpaka Bwana Fyuu akaingia darajani na wekundu wake nyuma yake, ndipo akasema sawa.

Siku ya kuizindua filamu, mpiga chapa hakutaka kwenda. Alisema ana nyanya za kufunga vijiti. Kifungua mimba alikuja bado amevaa sare za hospitali, akamwambia baba yake ana muda wa kubadilisha shati tu, na nyanya hazina miguu. Hakuna aliyemwambia kilichobadilishwa. Binti hakujua, na mama yake alikuwa bado na yale maneno mdomoni.

Ukumbi ulikuwa umejaa mpaka watu wamekaa kwenye ngazi. Mchoraji alikaa katikati, mumewe kulia, binti kushoto. Fundi saa alionekana kwenye kioo ameinama juu ya meza yake. Taabu ikatokea mjini. Mkono ukalivuta koti kutoka kwenye msumari, mlango ukabamizwa, na fyuu! Wekundu ukabaki nyuma, ukatoka kwenye mstari, ukamfuata.

Ukumbi ulilipuka. Watu wazima walipiga kelele, "Huyo! Huyo!" Mtu mmoja nyuma, ambaye kwa sauti alikuwa dereva wa lori, aliwaambia watu wote kwamba yeye ndiye aliyesema. Watoto ambao hawajapata kuliona lile gazeti walipanda juu ya viti.

Mpiga chapa hakupiga kelele. Alikuwa ametoa macho, ameshika mikono ya kiti. Akamwinamia mkewe.

"Mama watoto. Nyekundu imetoka."

"Nimeiona."

"Ni mashine yao. Imelegea. Ngoja nikamwambie fundi huko juu kabla hawajaku..." Alikuwa ameshaanza kunyanyuka, mzee wa watu, tayari kuwakanyaga watu miguu ukumbi mzima ili kazi ya mkewe isiharibike tena. Mchoraji alimkamata shati.

"Kaa chini. Nimeitoa mimi."

"Wewe?"

"Mimi. Kwa makusudi. Ndivyo alivyo, baba. Ndivyo alivyokuwa siku zote, mimi ndiye sikuona."

Mzee alikaa. Alitazama muda mrefu bila kupepesa, akilifuata koti kila lilipopita, na mara mbili mchoraji alimwona akifumba jicho moja kama ameshika lenzi. Watu walicheka, watu walishtuka, yeye alitazama tu. Likaja daraja. Wekundu ukatoka kidole kizima.

"Hii naijua," mpiga chapa alinong'ona.

"Ile iliyoharibika kuliko zote."

"Tulikuwa tumeanza kuchapa nyekundu. Nikaletewa habari kwamba umeanza uchungu na umepelekwa hospitali. Sahani ilikuwa bado sijaibana. Nikaiacha hivyo hivyo, mtambo unakwenda, nikatoka. Nilikimbia na aproni yangu, mama watoto. Nilikimbia kutoka kiwandani mpaka wodini."

Mchoraji alimgeukia. Aliukumbuka ukurasa ule, aliukumbuka vizuri mno: alikuwa kitandani, mtoto kifuani, gazeti mkononi, na alimsema mwanamume huyu mpaka nesi akaja kuuliza kuna nini.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unanifokea, nami nilikuwa namtazama mtoto."

Upande wa kushoto, mtoto mwenyewe, na sare zake za hospitali, alikuwa amesimama akipiga kelele pamoja na watu wote. Mchoraji alimtazama, akamtazama baba yake, machozi na kicheko vikamjia kwa pamoja. Akaushika ule mkono uliokolea wino wa miaka na kuubana kwa nguvu.

"Nisamehe, baba watoto."

"Ngoja kwanza," mzee alisema bila kuondoa macho kwenye kioo. "Anavuka."